Amar Singh wa Rajkot: Maisha ya Mrusha Mpira wa Kulipwa

Katika vitabu vya kumbukumbu kama hiki tumezoea kuwataja wazee waliojenga, waliochanga na waliohudumu. Safari hii tumeona vema tumkumbuke mtu ambaye hakujenga hekalu wala shule. Riziki yake ilitoka katika mkono wake wa kulia, na kwa mkono huohuo aliijengea India jina katika mchezo wa kriketi. Huyo ni marehemu Ladha Amar Singh. Wazee wetu walilijua jina lake. Vijana wetu wengi hawalijui. Tunaandika ili lisipotee.

Alizaliwa Rajkot tarehe 4 Desemba 1910. Rajkot iko Kathiawar, ile rasi ya magharibi mwa India ambayo leo huitwa Saurashtra. Familia nyingi za Kihindu katika pwani yetu ya Afrika Mashariki zina asili ya huko: Rajkot, Jamnagar, Porbandar na vijiji vilivyo baina yake. Kwa hiyo tunapomsimulia Amar Singh tunamsimulia mtu wa nyumbani. Kaka yake mkubwa, Ladha Ramji, naye alikuwa mrusha mpira wa kasi.

Enzi hizo kriketi ya India ilikuwa mikononi mwa wafalme na wana wa wafalme. Wao ndio waliogharimia safari, na mara nyingi unahodha uligawiwa kwa nasaba kabla ya uwezo. Huko Uingereza nako palikuwa na ukuta baina ya mchezaji wa ridhaa, aliyehesabiwa kuwa bwana, na mchezaji wa kulipwa, aliyehesabiwa kuwa mtumishi. Wawili hao walivalia katika vyumba mbalimbali na hata waliingia uwanjani kwa milango tofauti. Amar Singh hakuwa mwana wa mfalme. Alichokuwa nacho ni kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia milango.

Mwaka 1932 India ilipeleka timu Uingereza, na tarehe 25 Juni ilianza kucheza mechi yake ya kwanza kabisa ya Testi katika uwanja wa Lord's, London. Mkuu wa msafara alikuwa Maharaja wa Porbandar. Yeye, kwa busara inayostahili kukumbukwa, alikaa pembeni siku hiyo akamwachia unahodha C. K. Nayudu, aliyeujua mchezo kumliko. Waingereza walifungua na Percy Holmes na Herbert Sutcliffe. Siku chache tu kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamekusanya mikimbio 555 pamoja kwa ajili ya jimbo la Yorkshire. Mohammad Nissar, Mwislamu kutoka Punjab, mtu wa kifua kipana na kasi ya kutisha, aliwaangusha wote wawili. Uingereza ilikuwa na mikimbio 19 tu, na wapigaji watatu walikuwa wamekwisha kutoka.

Upande wa pili wa kiwanja alikuwapo Amar Singh. Nissar alitumia nguvu. Yeye alitumia hila iliyobebwa na kasi. Alikimbia hatua chache tu, kisha mkono ukapanda, na mpira ukapinda hewani kwenda kulia au kushoto kadiri alivyotaka. Ulipogusa ardhi uliinuka kwa haraka kuliko mpigaji alivyotazamia. Walter Hammond, mmoja wa wapigaji wakubwa wa Uingereza wa zama hizo, aliangushiwa vijiti vyake na Amar Singh siku hiyo. Baadaye Hammond alimhesabu miongoni mwa warushaji wa hatari zaidi aliowahi kukabiliana nao.

India ilishindwa mechi ile kwa tofauti ya mikimbio 158. Lakini kabla haijaisha, Amar Singh aliingia na gongo lake wakati matumaini yalikuwa yametoweka, akapata mikimbio 51. Hiyo ndiyo nusu mia ya kwanza kupatikana na Mhindi kwa timu ya India katika mechi za Testi. Aliyesimama naye kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni Lall Singh, Kalasinga aliyezaliwa Malaya, mtoto wa wahamiaji kama tulivyo wengi wetu. Wawili hao waliongeza mikimbio 74 pamoja. Kufikia mwisho wa safari ile Amar Singh alikuwa amekusanya zaidi ya wiketi 100 katika mechi za daraja la kwanza.

Majira ya baridi ya 1933 na 1934 Waingereza walikuja India. Mechi ya kwanza ilichezwa Bombay mwezi Desemba 1933, na humo Ramji na mdogo wake walivaa kofia ya India pamoja. Kwa Ramji hiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza na ya mwisho ya Testi. Mwezi Februari, huko Madras, Amar Singh aliangusha Waingereza 7 katika zamu moja huku akitoa mikimbio 86 tu. India ilishindwa tena, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba mrushaji wake hakuifanya kazi yake.

Hatimaye kazi hiyo ilipata mnunuzi. Katikati ya miaka ya 1930 klabu ya Colne, katika Ligi ya Lancashire kaskazini mwa Uingereza, ilimwajiri awe mchezaji wake wa kulipwa. Colne ni mji mdogo wa viwanda vya nguo. Kila klabu ya ligi ile iliruhusiwa kuwa na mchezaji wa kulipwa, na Jumamosi wafanyakazi wa viwandani walitoa senti zao kumtazama. Mji jirani wa Nelson ulikuwa na Learie Constantine, Mweusi kutoka Trinidad, naye mrusha mpira wa kasi. Hebu tutafakari jambo hili. Mwana wa Kathiawar na mjukuu wa watumwa wa Karibiani waliishi miji inayopakana, chini ya mvua ya Lancashire, na kila mmoja alilipwa na Waingereza wa kawaida kwa kuwa aliijua kazi yake kuliko wao.

Mwaka 1936 timu ya India ilirejea Uingereza. Nahodha alikuwa Maharajkumar wa Vizianagram, aliyepata cheo hicho kwa mali na ushawishi, wala si kwa ubora wa uchezaji. Msafara ulijaa ugomvi, na mpigaji hodari Lala Amarnath alirudishwa nyumbani hata kabla ya Testi ya kwanza. Amar Singh alikuwa kazini Colne, akaruhusiwa kuja kuichezea nchi yake. Huko Lord's India ilipata mikimbio 147. Ndipo yeye akaushika mpira, akaangusha Waingereza 6 kwa mikimbio 35. Uingereza yote ikatoka kwa 134. Kwa mara ya kwanza India ilikuwa mbele ya Uingereza katika zamu ya kwanza ya mechi ya Testi. Wapigaji hawakuilinda faida ile ya mikimbio 13, na mechi ikapotea.

Nyumbani alikuwa nguzo ya Nawanagar, dola ndogo ambayo mji wake mkuu ulikuwa Jamnagar. Katika msimu wa 1936 na 1937 Nawanagar ililishinda jimbo kubwa la Bengal katika fainali, ikatwaa kombe la Ranji.

Lipo jambo moja tusilotaka kulipita. Katika mashindano makubwa ya Bombay ya zama hizo timu zilipangwa kwa dini: Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wazungu. Amar Singh aliwachezea Wahindu, na Nissar aliwachezea Waislamu. Lakini chini ya bendera moja wawili hao walipokezana mpira uleule, mmoja huku na mwenzake kule, na kila mmoja alifaidika na hofu aliyoipanda mwenzake. Sisi tunaoishi mtaa mmoja na watu wa imani mbalimbali, tukinunua katika soko moja na kuzikana, tunalielewa somo hilo bila kufafanuliwa.

Tarehe 21 Mei 1940 Amar Singh alifariki dunia huko Jamnagar kwa ugonjwa wa nimonia. Alikuwa na umri wa miaka 29. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza, na India haikucheza Testi nyingine hadi 1946. Tangu siku ile ya kwanza ya 1932 hadi kifo chake India ilikuwa imecheza mechi 7 za Testi, na yeye alikuwamo katika zote 7, akiwa na wiketi 28. Katika mechi zote za daraja la kwanza alipata zaidi ya wiketi 500. Hakuwahi kuonja ushindi wa Testi hata mmoja.

Hapo ndipo tunapopata sababu ya kumwandika. Wazee wetu walifundishwa kwamba haki ya mtu imo katika kutenda wajibu wake, wala si katika kudai matunda yake. Amar Singh hakuwa nahodha, hakuwa mwana wa mfalme, na matokeo ubaoni hayakumpendelea. Hata hivyo alipopewa mpira aliurusha kwa uwezo wake wote, kwa Colne na kwa India sawasawa, na hakuona aibu kulipwa kwa kazi halali. Leo majina ya baadhi ya wakuu waliomtangulia kuingia uwanjani hukumbukwa kwa ugomvi wao. Lake hukumbukwa kwa kazi yake.

Vijana wa jamii yetu wanaoshika gongo na mpira jioni, pamoja na wale wanaoshika nyundo, kalamu au usukani, tunawaombea uaminifu wa aina hiyo. Na roho ya marehemu ipumzike kwa amani.