Kijana Aliyezipa Elementi Namba Zake



Wengi wetu tunaosoma sayansi hujipatia nauli kwa kufundisha tuisheni. Likizo iliyopita nilikuwa nafundisha kemia watoto wa sekondari hapa Kampala, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akaninasa. Nilikuwa nimetoka kusema kwamba elementi zimepangwa kuanzia nyepesi hadi nzito. Akaniuliza mbona basi agoni, yenye uzito wa 39.95, inatangulia potasiamu yenye 39.10. Nikajibu haraka kwamba, kwa hakika, hupangwa kwa namba ya atomu. Akauliza ni nani aliyezihesabu namba hizo, na alizionaje. Nikasingizia kwamba muda umekwisha.

Usiku ule nilitafuta jibu, nikakutana na kijana wa rika letu.

Henry Moseley alizaliwa Weymouth, Uingereza, tarehe 23 Novemba 1887. Baba yake alikuwa profesa huko Oxford, akafariki mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, na mama akabaki na malezi. Kijana alisoma Eton, kisha Oxford, ambako mwaka 1910 alipata shahada ya daraja la pili. Naam, la pili. Wenye kukata tamaa baada ya matokeo ya muhula uliopita walione hilo.

Akaenda Manchester kwa Ernest Rutherford, mtu aliyeonesha kuwa atomu ina kiini kidogo chenye karibu uzito wake wote. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kufundisha wanafunzi. Utafiti mara nyingi aliufanya usiku.

Wakati huo namba ya atomu ilikuwa nafasi tu kwenye jedwali, kama namba ya kiti. Moseley alitaka kujua kama kuna kitu ndani ya atomu kinachoibeba. Mwaka 1913 Niels Bohr alieleza kwamba elektroni hukaa kwenye ngazi maalumu za nishati. Sasa, ukiipiga metali kwa miale ya elektroni, unaweza kuing'oa elektroni ya ngazi ya ndani kabisa. Elektroni ya ngazi ya juu yake hushuka kuziba pengo, na nishati inayoiacha hutoka kama eksirei. Chaji ya kiini ikiwa kubwa, mvuto ni mkali zaidi, na eksirei hutoka na mitetemo mingi zaidi kwa sekunde.

Moseley alivipanga vipande vya metali juu ya vigari vidogo ndani ya bomba lililotolewa hewa, akawa anavivuta kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, kimoja baada ya kingine. Alianza na kalsiamu hadi zinki. Alipochukua kipeuo cha pili cha mitetemo ile, kila elementi ilipanda hatua moja sawasawa juu ya iliyotangulia. Kobalti ilikuja kabla ya nikeli, ingawa kobalti ndiyo nzito zaidi. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni chaji ya kiini, ambayo leo tunasema ni idadi ya protoni. Uzito unaweza kubadilika: mwaka huohuo Frederick Soddy alizipa jina la isotopu zile atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Agoni nyingi ya duniani ni isotopu yenye neutroni 22, na potasiamu nyingi ina neutroni 20. Ndiyo sababu agoni ni nzito ilhali ina protoni 18 tu dhidi ya 19.

Mwaka 1914, akiwa amerudi Oxford, alifika hadi dhahabu, akaonesha kwamba nafasi ya 43, ya 61 na ya 75 zilikuwa wazi. Mkemia Mfaransa, Georges Urbain, alimpelekea sampuli aliyoamini ina elementi mpya. Eksirei hazikuonesha elementi yoyote mpya ndani yake.

Kisha vita. Alikuwa Australia na mama yake kwa mkutano wa wanasayansi; akarudi mbio, akajiandikisha jeshini kwa hiari yake, akawa ofisa wa mawasiliano. Wakampeleka Gallipoli, kuishambulia ardhi ya Dola ya Uthmaniya.

Hapa ndipo nilipokwama. Mimi nimekua nikisikia habari za Gallipoli kwa fahari, jinsi Waislamu wale walivyoilinda nchi yao, na fahari hiyo siiachi, maana wao ndio waliovamiwa. Tarehe 10 Agosti 1915, katika siku za mwisho za Ramadhani ya 1333 Hijria, walishuka kutoka Chunuk Bair kurudisha mashambulizi. Moseley alikuwa akipitisha amri kwa simu. Risasi ikampiga kichwani. Alikuwa na miaka 27. Aliyefyatua alikuwa anatetea kwao, na hakuwa na namna ya kujua ni nani aliye mbele yake. Nimelisoma hilo mara nyingi, na bado linaniuma.

Kaburi lake halijulikani. Mali yake aliiusia Royal Society itumike kwa utafiti.

Wiki iliyofuata nilimweleza yule msichana yote haya. Kuhusu vita hakuuliza kitu. Alitaka kujua zile nafasi tatu zilijazwa lini. Safari hii nilikuwa nimejiandaa: ya 75 mwaka 1925, ya 43 mwaka 1937, na ya 61 mwaka 1945.