Manute Bol, Mchunga Ng'ombe Aliyekwenda Chuoni

Wasomaji wapenzi, sisi tuliokulia Gitega na Muyinga tunaijua kazi ya kuchunga ng'ombe. Tunaijua fimbo, tunaijua mvua ya mchana, na tunajua jinsi mchungaji anavyoisikia kengele ya shule kwa mbali. Kwa hiyo habari za mtu huyu hazitakuwa ngeni kwetu, ijapokuwa alizaliwa mbali, kaskazini ya Uganda, katika nchi ambayo leo huitwa Sudani Kusini.

Manute Bol alikuwa Mdinka. Tarehe inayotajwa kuwa ya kuzaliwa kwake ni 16 Oktoba 1962, na kwao ni Turalei. Wadinka ni watu warefu, lakini yeye aliwapita wote, maana kimo chake kilifika futi 7 na inchi 7, yaani mita 2.31. Utotoni alichunga ng'ombe, na elimu ya shule aliyoipata ilikuwa haba. Kwanza alicheza kandanda, lakini urefu ulimzuia. Ndipo akajifunza mpira wa kikapu katika mji wa Wau, kisha Khartoum. Husimuliwa kwamba siku za mwanzo aliporuka kuutia mpira kikapuni kwa mkono, meno yake yalijigonga kwenye chuma yakavunjika. Hata hivyo hakuuacha mchezo.

Mwaka 1982 mwalimu wa mpira kutoka Marekani, Bwana Don Feeley, alifika Sudani kuifundisha timu ya taifa, akamwona. Mwaka uliofuata Manute alisafiri kwenda Marekani. Timu moja ya wachezaji wa kulipwa, San Diego Clippers, ilimchagua mwaka huo huo 1983, lakini wakuu wa ligi walilikataa jina lake kwa sababu taratibu hazikutimizwa. Tena katika pasipoti yake kimo kiliandikwa futi 5 na inchi 2! Yeye alieleza kwamba alipimwa akiwa ameketi.

Basi akakaa Cleveland akijifunza Kiingereza, wala hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo cha huko. Fikirini, ndugu zangu: mtu mzima, mgeni, hajui kusoma vizuri, naye kila apitapo watu wanageuka kumtazama. Wengi wangalirudi kwao. Yeye alivumilia, na mwaka 1984 akapokelewa katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut, chini ya mwalimu wa mpira Bwana Bruce Webster.

Bridgeport si chuo kikubwa, wala timu yake haikuwa katika daraja la kwanza. Lakini msimu ule wa 1984 na 1985 ukumbi wao wa watu wapatao 1,800 ulikuwa ukijaa. Kwa wastani, katika kila mchezo Manute alipata pointi 22.5, alinyakua mipira 13.5 iliyokosa kikapu, na alizuia mitupo 7 ya adui. Alikuwa mwembamba mno, na watu wanene walimsukuma kwa urahisi. Lakini aliyetaka kutupa mpira mbele yake aliukuta mkono wake uko juu tayari. Timu ilishinda michezo 26 ikashindwa 6, ikaingia katika mashindano ya vyuo vya daraja la pili.

Hapo ndipo lilipotokea shauri gumu. Alikuwa amesoma mwaka mmoja tu. Abaki chuoni, au aende kucheza kwa mshahara? Kwao vita vilikuwa vimeanza mwaka 1983, na Aprili 1985 serikali ya Jenerali Nimeiri ilipinduliwa. Dada yake alikuwa bado huko, naye Manute alitaka fedha za kumtoa. Kwa hiyo akauacha ukumbi wa chuo, akacheza kidogo katika ligi ndogo huko Rhode Island, na mwaka huo huo 1985 akachaguliwa na Washington Bullets.

Kazi yake ya baadaye inajulikana. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, na hakuna mchezaji mgeni wa ligi ile aliyepata kumpita. Katika maisha yake yote ya ligi alizuia mitupo 2,086, lakini pointi alizofunga ni 1,599 tu. Yaani kazi yake kubwa ilikuwa kulinda.

Je, alikosea kuacha masomo? Wako watakaosema hivyo, nasi wanafunzi tusiige jambo hilo kwa pupa, maana aliyeacha masomo kwa ajili ya dada yake si sawa na aliyeyaacha kwa uvivu. Mimi sithubutu kumlaumu. Fedha alizozipata alizitoa kwa wingi kuwasaidia wakimbizi wa Sudani, hata yeye mwenyewe akabaki na kidogo. Tena katika miaka yake ya mwisho alishughulika na ujenzi wa shule huko Turalei. Alirudi kutoka safari ya huko akiwa mgonjwa, akafariki Virginia tarehe 19 Juni 2010, akazikwa kwao.

Mwaka mmoja baadaye nchi yake ilipata uhuru, na mwaka 2016 ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Burundi ilikuwamo tangu 2007. Basi Manute ni jirani yetu. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Yeye hakukataa kwao, na shule ambayo yeye hakuipata utotoni alitaka watoto wengine waipate.