Sayyid Said na mguu wenye risasi

Ukitoka Mji Mkongwe kuelekea Bububu utayapita magofu ya jumba la Mtoni. Hapo aliishi Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Oman mwaka 1791, akatawala tangu 1806, akahamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha karafuu.

Binti yake, Salme, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba baba yake alichechemea kidogo. Vitani alipigwa risasi ya paja, ikabaki humo humo, ikimuumiza mara kwa mara. Hata hivyo alizoea kwenda na kurudi barazani Mtoni, kichwa kainamisha, akiwaza.

Alifariki baharini Oktoba 1856, akazikwa Makusurani. Eksirei ilikuja 1895, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuona risasi ile ilikaa wapi. Lakini mwaka 1858, Paris, daktari Jean-Martin Charcot alieleza habari za askari wa zamani mwenye risasi mwilini. Akitembea kidogo mguu uliuma na kukataa, akipumzika ulipoa. Mshipa wake mkubwa wa damu ulikuwa umeziba.

Wewe huna risasi, lakini sigara, kisukari na shinikizo la damu huziba mishipa vilevile. Basi jichunguze.

Kama kigimbi kinabana ukitembea, zaidi ukipanda mlima, na kinatulia ndani ya dakika chache kwa kusimama tu, shuku damu. Mguu huwa baridi, na vidonda haviponi upesi.

Kama ni ganzi au mchomo unaoshuka kutoka kiunoni, na kusimama hakusaidii mpaka ukae au uiname, shuku mishipa ya fahamu. Mgonjwa huyu mara nyingi huendesha baiskeli bila taabu, kwa kuwa ameinama.

Usiseme ni uzee ukaishia kuchua mafuta. Daktari atapapasa mapigo ya mguu na kulinganisha presha ya mkono na ya kifundo.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo mguu ukiwa baridi na mweupe ghafla, ukiuma usiku hata umelala, au ukipata ganzi sehemu za siri na kushindwa kuzuia mkojo. Nawe mzazi, mtoto akichechemea, hasa akiwa na homa, usidhani anadeka. Mlete.