Reginald Hamlin: daktari aliyewarudishia wanawake heshima

Msikilizaji, kama ulishonwa fistula na bado mkojo unakuvuja, habari za daktari huyu zinakuhusu.

Reginald Hamlin alizaliwa New Zealand mwaka 1908. Mwaka 1959 yeye na mkewe Catherine, naye daktari wa wanawake, walifika Addis Ababa, Ethiopia, kwa mkataba wa miaka 3 kufundisha wakunga. Wakakuta wanawake wanaovuja mkojo kwa sababu ya tundu lililotokana na uchungu wa kuzaa uliokwama siku nyingi. Wakajifunza kulishona, na hawakurudi kwao. Mwaka 1974 wakafungua hospitali ya fistula, matibabu bure. Hamlin alifariki 1993; mkewe akaendelea na kazi.

Madaktari wa fistula wanajua kwamba tundu linaweza kuziba, lakini misuli inayobana mkojo ikabaki dhaifu. Hapo tiba ni mazoezi ya kukaza misuli hiyo, au upasuaji mwingine. Tundu likifunguka tena, mara nyingi hushonwa upya.

Mama wa Rombo, Marangu au Kibosho, usijifiche ndani. Rudi kituo cha afya, sema ulishawahi kushonwa, na uombe rufaa ya KCMC, Moshi.