Thomas Risley Odhiambo: Mtaalamu Aliyemfuata Mdudu Kwake

Msafiri atokaye Diani kuelekea Msambweni, akiiacha barabara kuu na kushika njia ya bara, hufika Muhaka. Huko, katika nchi ya minazi, mahindi na misitu ya kaya, kituo kikuu cha Afrika cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilijenga kituo chake kidogo cha nyanjani. Kituo hicho ni zao la fikra ya mwana wa Pwani kwa kuzaliwa: Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931.

Odhiambo alisoma Maseno, kisha Makerere. Alipofanya kazi ya kilimo nchini Uganda, alijitosa katika uainishaji wa kunguni wa mimea. Baadaye alikwenda Cambridge, akachunguza namna homoni zinavyotawala ukomavu wa nzige dume wa jangwani, na mwaka 1965 akatunukiwa shahada ya uzamifu. Angeweza kubaki ughaibuni. Alichagua kurejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako aliasisi Idara ya Entomolojia.

Hali aliyoikuta ilimkera. Wadudu wa Afrika walikusanywa hapa, wakasafirishwa na kuchunguzwa ng'ambo, na matokeo yakarudi yakiwa ushauri wa kununua sumu. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Science makala ya kutetea vituo vya utafiti wa hali ya juu Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye, ICIPE ilianzishwa katika bewa la Chiromo, naye akawa mkurugenzi wake hadi mwaka 1994. Makao yake makuu ya Kasarani huitwa Duduville, jina ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kutafsiriwa nusu yake ya kwanza.

Kwale inadhihirisha maana ya msimamo wake. Mbung'o wa vichaka vya Pwani huzaa buu mmoja tu kwa wakati, baada ya kumlisha tumboni kwa aina ya maziwa. Mdudu wa uzazi haba namna hiyo hushindwa kwa kujulikana mienendo yake, wala hakuna awezaye kuijua akiwa mbali na vichaka hivyo.

Mfano wa pili ni funza wa Chilo partellus, apekechaye bua la mhindi. Alitoka Asia, akawaacha nyuma maadui ambao mageuko ya vizazi vingi yalikuwa yamewaoanisha naye. Akastawi Pwani kama mgeni asiye na wa kumkemea. Mwaka 1993, Odhiambo akiwa bado mkurugenzi, watafiti wa ICIPE waliachilia katika Pwani ya kusini nyigu mdogo wa Asia, Cotesia flavipes, atagaye mayai ndani ya mwili wa funza huyo. Nyigu alitulia, akaenea, na funza wakapungua.

Hata hivyo, fedha za kazi hiyo zilitegemea sana wafadhili wa nje, na hapo pana kitendawili: kujitegemea kwa akili kulisimama juu ya mfuko wa wengine. Jibu lake lilikuwa kuwekeza katika watu. Mwaka 1983 ulianza mpango wa ARPPIS, uliowawezesha vijana wa Kiafrika kufanyia utafiti wao wa uzamifu hapa hapa barani. Aidha, mwaka 1985 aliongoza kuasisiwa kwa Chuo cha Sayansi cha Afrika. Na mwaka 1987 alitunukiwa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, Tuzo ya Afrika ya kupambana na njaa. Alifariki tarehe 26 Mei 2003.

Ameturithisha deni sisi wanalugha pia. Mkulima wa Msambweni humwona funza kabla ya mtafiti, na humzungumzia kwa Kidigo au Kiswahili. Maarifa yaliyochumwa shambani kwake yakibaki katika lugha asiyoisoma, yatakuwa yamesafirishwa ng'ambo tena, ingawa maabara iko jirani.