Martin Luther King: Mchungaji Aliyekataa Kisasi

Martin Luther King alizaliwa Atlanta, Marekani, tarehe 15 Januari 1929, mwana wa mchungaji wa Kibaptisti. Akiwa na umri wa miaka 25 alikabidhiwa kanisa mjini Montgomery. Mwaka 1955 Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi. King akawaongoza Weusi kususia mabasi kwa siku 381, hadi mahakama ilipobatilisha ubaguzi huo.

Usiku wa tarehe 30 Januari 1956 nyumba yake ilirushiwa bomu, mkewe Coretta na mtoto wao mchanga wakiwamo. Watu wenye hasira na silaha walikusanyika. Naye, akisimama barazani, aliwasihi wawapende adui zao.

Nasi tuombao kila siku tusamehewe kama tusameheavyo, tujiulize: kisasi kibishapo hodi mlangoni petu, tunakijibu nini?