Maisha ya Marehemu Omulangira Badru Kakungulu

Zinaelezwa hapa kwa ufupi habari za marehemu Omulangira Badru Kakungulu wa Kibuli, aliyekuwa mkubwa wa Waislamu wa Uganda kwa miaka mingi, na ambaye wako watu wa Busoga na Bugisu waliosoma kwa sababu ya juhudi zake bila ya kumwona kwa macho.

Yapasa kwanza kuuondoa utata wa jina. Ukilitaja jina la Kakungulu mjini Mbale, wazee wengi humkumbuka Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda aliyeuanzisha mji huo mwanzoni mwa karne ya 20, aliyewahi pia kuwekwa juu ya machifu wa Busoga, na aliyefariki mwaka 1928. Huyo siye anayekusudiwa hapa. Wawili hawa walishirikiana jina tu, wala hawakuwa wa dini moja.

Omulangira Badru alizaliwa mwaka 1907. Neno Omulangira kwa Kiganda ni mtu wa ukoo wa kifalme, na yeye alikuwa hivyo kwa haki. Baba yake alikuwa Nuhu Mbogo, mwana wa Kabaka Suna wa Pili na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mbogo ndiye aliyekuwa mkubwa wa Waislamu wakati wa vita vya dini katika Buganda. Waingereza walimwondosha mwaka 1893 wakampeleka Zanzibar, na aliporudi mwaka 1895 alikuwa ameridhika kukaa bila ya ufalme. Mkataba wa mwaka 1900 ulimpa maili 24 za mraba za ardhi pamoja na posho ya kila mwaka. Ardhi hiyo ndiyo mwanzo wa habari hii, kwani Waislamu wa Uganda wakati ule hawakuwa na fedha, wala skuli, wala mtu wa kuwasemea ofisini. Walikuwa na ardhi kidogo, na walikuwa na watoto wao.

Mbogo alifariki mwaka 1921, na mwanawe hakuwa amezidi miaka kumi na minne. Mambo yakabaki mikononi mwa watu wazima, nao wakagombana. Waliulizana kama siku ya Ijumaa, baada ya kusali Ijumaa, isaliwe tena na adhuhuri au isisaliwe. Kundi moja likawa la Juma na jingine la Zukuli, kila moja na masheikh wake. Jambo hilo lina mahali pake katika vitabu vya fikihi, na wanavyuoni wamelizungumza kwa adabu tangu zamani. Lakini Uganda lilizungumzwa bila ya adabu, likapita miaka mingi, na katika miaka hiyo yote ugomvi ule haukumfundisha mtoto hata mmoja kuandika barua.

Kijana Badru alipelekwa kusoma King's College Budo, skuli iliyofunguliwa na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mwaka 1906. Msomaji wa leo huenda asione ajabu yake. Siku zile lilikuwa jambo la kutisha. Katika Uganda elimu ya kizungu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu alipomtazama mwanawe akienda huko alijiuliza atarudi na jina gani. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi, kwani wako waliokwenda na jina la Juma wakarudi na jina jingine. Badru alikwenda, akasoma, akarudi Mwislamu. Akarudi pia na jambo ambalo wakubwa wake hawakuwa nalo, nalo ni kuijua skuli kwa ndani: namna inavyoendeshwa, nani hulipa mshahara, na ni kwa nini wenziwe Wakristo walikuwa mbele.

Hali ya upande wa mashariki ilikuwa hivyo hivyo, na pengine ilikuwa mbaya zaidi. Karibu na Jinja palikuwa na Busoga College juu ya kilima cha Mwiri, na karibu na Mbale palikuwa na skuli ya Nabumali. Zote mbili zilikuwa za misheni. Idara ya Elimu ya Serikali iliundwa mwaka 1925, lakini fedha zake nyingi zilipitia katika mikono ya misheni hizo hizo. Vijana wa Kiislamu waliokwisha kuhitimu chuoni walikuwa wakiisoma Kurani vizuri, na Kiswahili chao kiliwasaidia sokoni na katika kituo cha garimoshi, kisha wakaishia kuwa matingo na madereva wa malori, wachinjaji, washonaji na wachuuzi. Kazi hizo ni za halali na zina heshima yake, na mji usio na dereva wala mchinjaji hauendi. Lakini alipougua mtu, mganga hakuwa mmoja wao; alipodhulumiwa mtu, karani wa kuandika mashtaka hakuwa mmoja wao. Kijana aliyetaka kuwatumikia wenziwe hakuwa na njia ila mabavu yake na nia yake njema.

Omulangira Badru aliliona hilo, na hapa ndipo inapodhihiri akili yake. Mtu wa cheo chake angeweza kugawa sadaka kila Ijumaa mpaka mwisho wa maisha yake, na watu wangemsifu. Yeye aliuliza ni kitu gani kikipatikana kitazaa vingine. Katika miaka ya 1940, yeye na wenziwe waliokwisha kusoma walisimamisha Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, kilichojulikana kwa herufi zake UMEA, ili Waislamu nao wawe na mahali pa kusimamia skuli zao na pa kusemea mbele ya Serikali.

Inafaa kufahamu shida ilikuwa wapi hasa. Kijiji cha Waislamu, kiwe Busoga au kwenye miteremko ya Elgon, kiliweza kujenga skuli kwa mwezi mmoja. Miti ilikuwapo, udongo ulikuwapo, nyasi za kuezekea zilikuwapo, na mikono haikukosekana. Lililokosekana lilikuwa mwalimu. Serikali ilitoa msaada kwa skuli iliyokuwa na mwalimu mwenye cheti. Na ili apatikane mwalimu mwenye cheti ilipasa pawe na kijana aliyesoma. Na kijana hakuweza kusoma kwa kuwa skuli haikuwa na mwalimu. Duara hilo lilizifunga skuli nyingi ambazo kuta zake zilikuwa bado mbichi. Kwa hiyo juhudi ya Kibuli ikaelekezwa kwa mwalimu kwanza, na chuo cha kuwafundisha waalimu wa Kiislamu kikasimama juu ya kilima kile kile. Kijana mmoja aliyepata cheti alikuwa na faida kuliko majengo kumi, kwani yeye aliufungua mlango wa msaada, na watoto aliowafundisha wakawa nao waalimu.

Kazi ya ualimu haikuwa na fahari. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na katika miaka ya 1950 palikuwa na vishawishi vingi, hasa Jinja. Lambo la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukaja, kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile kikajengwa, na kiwanda cha sukari cha Kakira kilikuwa kikitafuta watu. Kijana aliyejua kusoma na hesabu aliweza kupata kiwandani fedha ambazo darasani asingezipata, tena kwa siku chache. Waliokubali kwenda kijijini na ubao mweusi na chaki walijua wanachokiacha. Majina yao hayakuandikwa popote, na si haki kumtaja Omulangira bila ya kuwataja wao, hata kama hawatajwi mmoja mmoja.

Fedha zilitoka wapi? Ardhi aliitoa Omulangira mwenyewe. Kilima cha Kibuli, chenye msikiti na skuli zake, kilikuwa ardhi ya nyumba yake. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Mwaka 1945 huko Mombasa Aga Khan wa Tatu alianzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Omulangira Badru akawa mkubwa wa tawi la Uganda. Wako Masuni walionung'unika kuona fedha za imamu wa Maismailia zikijenga misikiti yao. Omulangira hakuwasikiliza, naye alifanya vyema. Kanuni ya Jumuiya ilikuwa kwamba Waislamu wachange wao kwanza, kisha Aga Khan aongeze kwa kiasi kile kile walichochanga. Kanuni hiyo ilimpa nguvu maskini. Mama aliyeuza ndizi sokoni Mbale akatoa shilingi moja alijua kwamba shilingi yake itafika kazini ikiwa mbili, na kwamba asipoitoa na ile ya pili haitakuja.

Omulangira alipenda pia michezo, na hakuona kwamba kijana anayecheza mpira amepotea. Kombe la mpira la Uganda lililoanza kushindaniwa mwaka 1971 liliitwa kwa jina lake, Kombe la Kakungulu, na liliitwa hivyo kwa miaka mingi.

Pamoja na hayo yote, haifai kuandika kwamba watu wote waliridhika naye. Uongozi wa Kibuli ulikuwa wa Waganda, na Waislamu wa Busoga, wa Bugisu na wa kaskazini walikuwa na neno: wao walichanga na wakatii, lakini penye kukatwa shauri hawakuitwa. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Kukaa karibu na Kampala kulimrahisishia mtu kupata nafasi na msaada, na kijana wa Sironko alikuwa na safari ndefu kuliko kijana wa Kibuli. Mwaka 1965 ulipoundwa umoja mwingine wa Waislamu, ulioitwa NAAM, chini ya uongozi wa Waziri Adoko Nekyon na kwa kuungwa mkono na serikali ya Milton Obote, Waislamu wengi wasio Waganda waliuingia kwa furaha. Kwa bahati mbaya manung'uniko ya haki yalichanganywa na siasa za wakati ule, hasa baada ya Kabaka kufukuzwa nchini mwaka 1966. Ugomvi ukaingia mpaka misikitini. Omulangira akatiwa kizuizini, naye alikuwa mtu mzima wa miaka sitini hivi. Hakufunguliwa mpaka serikali ya Obote ilipopinduliwa mwezi wa Januari 1971. Kwa upande wa pili, Jumuiya ya Ustawi ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968, na nguvu zake zikaisha.

Lakini skuli hazikufungwa. Serikali ilikuwa imekwisha kuzichukua skuli za dini zote chini ya mamlaka yake katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na waalimu waliofundishwa kwa jasho la Waislamu wakawa wanapelekwa popote penye haja. Aliyetoka Kibuli akiwa na nia ya kuwafundisha watoto wa Kiislamu alijikuta anawafundisha Wakristo, na Waislamu, na wasio na dini, katika darasa moja. Wengine walilalamika kwamba mali ya Waislamu imetoka nje. Lalamiko hilo ni gumu kulikubali, kwani mwalimu si shamba la kuwekewa mipaka.

Mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na makundi ya zamani yakatakiwa yaungane chini yake. Omulangira hakuwa tena na amri aliyokuwa nayo kabla, na miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa kila Mganda, Msoga na Mgisu, awe wa dini gani.

Katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanywa Lahore mwaka 1974 ilikatwa shauri kwamba Uganda ijengwe chuo kikuu cha Kiislamu. Shauri hilo lilikaa miaka kumi na minne. Mwezi wa Februari 1988 madarasa yakafunguliwa, si Kampala wala si Kibuli, bali Mbale, chini ya mlima. Wazazi wa Bugisu na Busoga, ambao zamani waliogopa kumpeleka mtoto Nabumali, wakaona vijana wa Kiislamu kutoka kila upande wa nchi wakishuka katika kituo cha mabasi na masanduku yao, wakija kusoma kwao.

Omulangira Badru Kakungulu aliiona siku hiyo akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Alifariki mwaka 1991, Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na kiti chake cha Kibuli kikarithiwa na mwanawe, Omulangira Kassim Nakibinge.